Harold Urey, Aliyepima Uzito kwa Nuru

Mvuvi akikupa kombe kavu la miaka na miaka, je, waweza kumwambia bahari ilikuwa baridi au vuguvugu siku kombe lile lilipokuwa likikua? Mimi nilidhani hayo ni mambo ya wapiga ramli, mpaka niliposoma maisha ya hayati Harold Urey, mtaalamu wa Kimarekani, ambaye leo napenda kuwasimulia wasomaji habari zake.

Urey alizaliwa tarehe 29 Aprili 1893 huko Walkerton, Indiana. Babake, mwalimu na mhubiri, alifariki mtoto akiwa na miaka sita, akalelewa yatima. Alipokua alisomesha skuli za shamba, kisha akahitimu Chuo Kikuu cha Montana mwaka 1917 katika elimu ya wanyama. Kemia aliibobea baadaye.

Jina lake lilivuma mwaka 1931. Wakati ule ilikwisha julikana kwamba elementi moja yaweza kuwa na atomi za namna mbili au zaidi, ndugu wa tumbo moja, tabia zao karibu sawa ila mmoja ni mzito kuliko mwenziwe. Hizo ndizo isotopi. Urey aliamini kuwa hata hidrojeni, nyepesi kuliko zote, ina ndugu mzito. Lakini utampataje, ilhali katika atomi kama 6,400 hayumo ila mmoja?

Alitumia nuru. Gesi ikipitishwa umeme hung'aa, na mng'ao ule ukichambuliwa hutoa mistari ya rangi. Mstari wa atomi nzito hukaa kando kidogo tu ya ule wa nyepesi. Urey aliuona, umefifia, wala hakukimbilia kutangaza. Alihofia usije ukawa ni kivuli cha chombo chake. Basi Ferdinand Brickwedde, huko Washington, akachukua hidrojeni iliyogeuzwa maji na kuivukiza polepole, kama upikavyo tui mpaka yakaja mafuta, ikabaki kidogo yenye wingi wa ile nzito. Urey na George Murphy walipoipima, mstari umekolea!

Njia hiyo ingali hai. Siku hizi wataalamu hupiga jiwe kwa mwali wa leza, chembe yake ikageuka plazma, yaani mvuke wa moto unaong'aa, na kwa kuusoma mng'ao ule hujua kiasi cha kila isotopi.

Mwaka 1934 Urey alipewa Tuzo ya Nobel. Hakwenda kwenye sherehe Desemba, kwani mkewe Frieda alikuwa anajifungua. Na fedha alizopata aliwagawia Brickwedde na Murphy, kila mmoja robo. Nawajua wakubwa ambao wasingetoa hata shukrani.

Vita vilipokuja, elimu yake ya kutenganisha isotopi ilitakiwa kwa bomu la atomiki, naye akaifanya kazi hiyo. Mei 1945 alifuatana na Leo Szilard kwa James Byrnes, mshauri wa Rais Truman, kumtahadharisha juu ya silaha ile. Hawakusikilizwa. Agosti, Hiroshima ikateketea. Tangu hapo Urey hakuchoka kusema dhidi ya silaha hizo.

Ndipo alipogeukia makombe, akiwa Chicago. Katika maji baridi, kombe hujengwa kwa oksijeni nzito zaidi kidogo. Ukipima uwiano wake na ile nyepesi, wapata joto la bahari. Mwaka 1951 yeye na wenzake walieleza mfupa wa mnyama wa jamii ya ngisi kutoka kisiwa cha Skye, Uskochi, wa yapata miaka milioni 150. Walisoma ndani yake viangazi vitatu na vipupwe vinne. Aliishi kama miaka minne, akafa wakati baridi imepungua.

Mwanafunzi wake Stanley Miller alipochapisha jaribio lake mashuhuri juu ya asili ya uhai mwaka 1953, mjadala nisiopenda kuuingia hapa, Urey alikataa jina lake litiwe, ili sifa iwe ya kijana.

Alifariki tarehe 5 Januari 1981 huko La Jolla, California, mji wa pwani, akiwa na miaka 87.