Karamojo Bell: mwindaji aliyeangusha tembo kwa bunduki ndogo

Hapa Katanika, wazee wanapoanza kuzungumza juu ya uwindaji wa zamani, ubishi unaishia paka kwa neno moja: ni bunduki gani inayofaa kwa tembo? Mmoja anasema ya kwamba bila bunduki nzito ya mitutu miwili, mtu anaenda kujiua. Mwingine anajibu ya kwamba hata bunduki ya kawaida ya askari inatosha, kama mwenye kuishika anajua pa kupiga. Ubishi huo si wa kwetu peke yetu. Wawindaji wa dunia nzima wanabishana hivyo tangu zaidi ya miaka 100, na kila mara jina moja linarudi: Bell.

Walter Dalrymple Maitland Bell alizaliwa Scotland mwaka wa 1880, mu familia ya watu wenye mali. Lakini mali haikumpa wazazi. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka 2 hivi, na baba akafuata yeye akiwa na miaka 6. Kaka zake njo walimlea, na masomo hakuyapenda. Alipofika miaka 13 alikuwa ameisha kutoroka na kuingia kazi ya merikebu. Toka utoto alikuwa na wazo moja tu mu kichwa: kufika Afrika na kuwinda tembo.

Alifika Mombasa karibu na mwaka wa 1897, kijana wa miaka 16 au 17. Waingereza walikuwa wanajenga reli ya kwenda Uganda, na simba walikuwa wanakula wafanyakazi. Bell akapewa kazi ya kuwaua wale simba. Alikuwa na bunduki ya .303, ile ya kutia risasi moja moja. Kwa kazi hiyo mtu akikosa mara ya kwanza, mara ya pili pengine haiko. Alijifunza mapema kutofyatua ovyo.

Kisha akaenda mbali sana, Yukon kule Kanada, watu walikokuwa wanakimbilia zahabu. Yeye hakuchimba. Aliwinda nyama ya kuuzia wachimbaji wa mji wa Dawson. Mwenzake wa biashara akamdanganya na kupotea na makuta yote. Ili apate njia ya kurudi Afrika, Bell aliingia jeshi la Wakanada lililokuwa linaenda kupigana na Makaburu Afrika ya Kusini. Alikamatwa, akatoroka. Vita vilipoisha mwaka wa 1902, akapanda tena kuelekea mashariki ya Afrika. Safari hii alienda kwa tembo.

Karamoja

Alichagua Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda ya leo, mahali ambapo serikali ya Waingereza ilikuwa haijafika sana. Alikaa mu eneo hilo karibu miaka 5, na jina la Karamojo likamshika paka kufa kwake. Hakuingia kwa nguvu za bunduki juu ya watu. Alilipa ng'ombe kwa wale waliomwonyesha tembo wako wapi, na nyama waliachiwa wenyeji. Mkaramojong mmoja aitwaye Pyjalé alikuwa rafiki na kiongozi wake mu pori, na Bell mwenyewe alimtaja kwa heshima kubwa mu vitabu vyake. Hiyo tusisahau: jina lililobaki mu vitabu ni la Mzungu, lakini aliyejua njia, maji na nyayo alikuwa mwenyeji.

Wakati huo, mwindaji wa tembo aliyejiheshimu alibeba bunduki kubwa. Risasi za baruti mpya isiyotoa moshi mwingi zilikuwa zimeisha kutoka, na mafundi wa Uingereza walikuwa wanashindana nani atatengeneza yenye nguvu zaidi. Mwaka wa 1898 ilitoka .450 Nitro Express. Baadaye ikaja .577, ambayo kichwa cha risasi yake kina uzito wa gramu 48 hivi. Kisha fundi Jeffery wa London akatoa .600: kichwa cha gramu 58, upana karibu milimita 16, na bunduki yenyewe kilo 7 hivi. Ukiifyatua, bega linajua.

Bell naye alikuwa na bunduki ya mitutu miwili ya .450/400 mu mwanzo. Lakini haikukaa sana mu mikono yake. Alihamia kwa ile ya milimita 7, iliyotengenezwa na Mauser ya Ujerumani na kumalizwa na fundi Rigby wa London, ambayo Waingereza wanaiita .275. Kichwa cha risasi yake kilikuwa gramu 11 tu. Maana yake: kichwa kimoja cha .600 kina uzito wa vichwa 5 vya Bell. Na nguvu ya ile .577 inapita ya bunduki yake zaidi ya mara tatu.

Na bado, kati ya tembo zaidi ya 1000 aliowaua mu maisha yake, karibu 800 walianguka kwa hiyo bunduki ndogo.

Namna gani iliwezekana?

Siri ya kwanza ni kichwa cha tembo. Ukikiangalia unaona kitu kikubwa sawa nyumba, lakini sehemu kubwa ni mfupa wenye matundu matundu kama sega la nyuki. Ubongo ni mdogo, kilo 4 au 5 tu, na umekaa nyuma na chini, kati ya matundu ya masikio. Risasi ya .600 ikipita sentimita chache pembeni, tembo anaweza kupigwa kizunguzungu na kuanguka, kisha anasimama na kuondoka. Risasi ndogo ikiingia mu ubongo, tembo anakufa palepale. Bell aliamuru watu wake wakate kichwa cha tembo kwa msumeno, kati kati, kutoka mbele paka nyuma, ili aone kwa macho yake ubongo umekaa namna gani. Alijifunza kuufikia kutoka mbele, kutoka ubavuni, na hata kutoka nyuma kwa mshazari wakati tembo anakimbia. Paka leo wawindaji wanaliita pigo hilo kwa jina lake.

Siri ya pili ni risasi yenyewe. Kichwa chake kilikuwa kirefu, chembamba, na kimefunikwa chote na chuma. Risasi ya namna hiyo haifunguki wala haipindi njia, inapenya mfupa moja kwa moja. Ile yenye ncha laini, inayofunguka ikigusa mwili, ni ya swala. Kwa kichwa cha tembo inaishia njiani.

Siri ya tatu ni mwili wa mwindaji. Bell alihesabu ya kwamba kwa kila tembo dume aliyemwangusha alikuwa ametembea karibu kilomita 117. Ni karibu sawa na kuvuka ziwa letu kutoka Kalemie paka Kigoma, kwa miguu, kwa tembo mmoja. Mu mwaka mmoja alimaliza jozi 24 za viatu. Mtu anayetembea hivyo hawezi kufurahia bunduki ya kilo 7. Wenzake walimwachia kijana awabebee bunduki. Yeye aliibeba mwenyewe, na njiani alikuwa anailenga bila kufyatua, ili mikono isisahau. Wapo walioona anapiga ndege wakiwa wanaruka, kwa bunduki ya risasi moja, si ya chembe.

Tena, mlio wa bunduki ndogo haukuwatisha sana tembo wengine. Mmoja alianguka kimya, na wenzake wakabaki wamesimama. Hapo aliweza kupiga wa pili na wa tatu.

Sasa tumtaje James Sutherland, naye Mscotland, aliyewinda wakati huohuo Tanganyika ya Wajerumani na Msumbiji. Yeye alitembea na .577 ya mitutu miwili, na hesabu yake ya tembo inakaribia ya Bell. Alikufa mwaka wa 1932 mu Sudan. Kwa hiyo wote wawili walifaulu, mmoja kwa bunduki kubwa, mwingine kwa ndogo. Ubishi wa wazee wetu hauna mshindi kwa upande wa bunduki.

Karibu na kwetu

Kutoka Karamoja, Bell alisogea upande wa Congo. Lado, nchi iliyoko karibu na Mahagi na Aru za Ituri ya leo, ilikuwa imeachiwa mfalme Leopold II kwa muda wa maisha yake. Alipokufa mu Desemba 1909, ilipaswa kurudi kwa Waingereza wa Sudan, na ikarudi mwaka wa 1910. Mu wakati ule wa mpito, wawindaji wa kila taifa waliingia humo sawa nzige. Bell alikuwa mmoja wa walioiwinda Lado. Siku moja tu aliua tembo 9 na akahesabu faida ya paundi 863, mali kubwa sana kwa wakati ule. Baadaye aliwinda pia Abisinia, Liberia, na upande wa Ubangi.

Vita vya 1914 vilimkuta akiwa mtu wa miaka zaidi ya 30. Akajifunza kuendesha ndege na kupigana angani, hata huku mashariki ya Afrika dhidi ya Wajerumani. Ni mu vita hivyohivyo ndege za Wabelgiji ziliruka kutoka upande wetu wa Mtoa, mwaka wa 1916, kwenda kupiga bomu Kigoma. Bell alipewa medali, akaoa, akaandika kitabu chake cha kwanza mwaka wa 1923, na kingine mwaka wa 1949. Alikufa nyumbani kwake Scotland tarehe 30 Juni 1954, akiwa na miaka 73.

Tunashika nini?

Hatari ya historia ya Bell ni kwamba wengi walisikia nusu yake tu. Walisikia bunduki ndogo inatosha. Hawakusikia msumeno, kilomita 117, wala miaka ya kulenga bila kufyatua. Tembo aliyejeruhiwa hasamehi, naye mwenyewe anateseka siku nyingi kabla ya kufa. Njo maana nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji wa kulipia ziliweka sheria: kwa tembo na mbogo, kipimo cha chini ni milimita 9 na zaidi, na .375, iliyotoka mwaka wa 1912, njo inatajwa mara nyingi. Sheria haikuandikwa kwa ajili ya Bell. Iliandikwa kwa ajili yetu wengine.

Na wale wanaofyatulia tembo AK leo wasijilinganishe naye. Kichwa cha risasi yake kina gramu 8 tu, ni kifupi, na kilitengenezwa kwa ajili ya watu. Wanaolenga kundi zima na kumimina risasi wanafanya kazi ambayo Bell mwenyewe angeiona aibu.

Lakini tuseme na hili: Bell alikuwa mfanyabiashara wa pembe. Ustadi wake wote ulimaliza tembo haraka zaidi. Pembe za Manyema zilizopita kwa mabega ya watu paka Mtoa, zikavuka ziwa kwenda Ujiji na Zanzibar, zilienda kwa soko lilelile. Leo tembo analindwa kabisa na sheria ya nchi yetu, ile ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa asili, na mu jimbo letu hifadhi ya Kabobo iliundwa mwaka wa 2016 kwa sababu vilivyobaki si vingi.

Kwa hiyo wazee wetu wa Katanika, mkiendelea na ubishi wenu chini ya mwembe, jibu tulilolipata kwa maisha ya mtu huyu ni hili: tembo aliuawa na mtu aliyemjua vizuri, si na ukubwa wa risasi. Watoto wetu nao wakimjua vizuri hivyo, heri iwe kwa kumlinda.