Akiba Inayooza: Maisha ya Henri Langlois, Mtunzaji wa Filamu

Wahenga walituachia kauli kwamba akiba haiozi. Huenda kauli hiyo ni kweli kwa mahindi yaliyokaushwa vyema ghalani, lakini kwa filamu si kweli hata kidogo. Kanda za sinema zilizotumiwa kwenye kumbi za biashara tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa kwa naitreti, kemikali inayoshika moto upesi. Hata zisipoungua, kanda hizo huoza polepole ndani ya mikebe yake hadi zikawa unga. Makala haya yanasimulia maisha ya Henri Langlois, Mfaransa aliyeitumia umri wake mzima kupigana na uozo huo. Aidha, yanakusudia kumwonyesha msomaji swali zito lililomwandama mtu huyu hadi kaburini: je, kitu cha thamani hutunzwa kwa kufungiwa au kwa kushirikiwa?

Langlois alizaliwa tarehe 13 Novemba 1914 katika mji wa bandari wa Smyrna, ambao leo unaitwa Izmir nchini Uturuki. Wazazi wake walikuwa Wafaransa. Mnamo 1922 vita vilipoufikia mji huo, sehemu yake kubwa iliteketea kwa moto, na jamaa ya Langlois ikahamia Paris. Hivyo basi, mtoto huyu alijua tangu utotoni kwamba ulimwengu mzima wa mtu unaweza kugeuka majivu kwa siku chache. Huko Paris alikuwa mwanafunzi asiyependa madaftari. Hakufaulu mtihani wa kuhitimu shule ya upili, kwa kuwa mapenzi yake yote yalikuwa kwenye kumbi za sinema.

Ili kuyaelewa mapenzi hayo, yafaa tukumbuke hali ya sinema wakati huo. Kuanzia 1927 filamu zenye sauti zilianza kuenea, na katika muda wa miaka michache sinema bubu zikawa bidhaa isiyo na soko. Wenye kampuni hawakuona sababu ya kulipia ghala za kuhifadhia vitu visivyoleta faida. Kanda nyingi ziliyeyushwa ili kutolewa madini ya fedha yaliyokuwa ndani yake, nyingine zikatupwa. Kazi za waelekezi waliosifiwa kote duniani miaka mitano tu iliyotangulia zilikuwa zikitoweka bila ya mtu kuzililia.

Langlois alizililia. Akifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji, alikutana na kijana mwenzake, Georges Franju, ambaye baadaye alikuja kuwa mwelekezi mashuhuri. Mnamo 1935 vijana hao walianzisha chama kidogo cha kuonyesha sinema bubu kwa wapenzi wenzao. Mwaka uliofuata, wakishirikiana na Jean Mitry na kusaidiwa kifedha na Paul-Auguste Harlé, waliasisi Cinémathèque française, hifadhi ya filamu ambayo ipo hadi leo. Walianza na filamu zipatazo 10. Simulizi zinazohusu siku hizo husema kwamba Langlois alijaza mikebe hata katika bafu la nyumba ya wazazi wake. Mnamo 1938 hifadhi hiyo iliungana na nyingine tatu, za London, New York na Berlin, kuunda shirikisho la kimataifa la hifadhi za filamu.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, na Wajerumani wakaitwaa Paris mnamo 1940, kazi ya kutunza filamu iligeuka kuwa ya hatari. Langlois alianza kuficha mikebe katika nyumba za marafiki, katika vyumba vya chini ya ardhi na katika majumba ya mashambani. Miongoni mwa waliomsaidia ni Lotte Eisner, mwanamke Myahudi aliyekuwa ameukimbia utawala wa Wanazi nchini Ujerumani, na ambaye aliishi kusini mwa Ufaransa kwa jina la bandia huku akizilinda kanda zilizofichwa huko. La kushangaza ni kwamba afisa wa Kijerumani, Frank Hensel, aliyefahamiana na Langlois kupitia shirikisho tulilolitaja, naye alimsaidia kuziokoa baadhi ya filamu. Vita vilipokwisha, kazi nyingi ambazo zingaliweza kupotea zilikuwa salama.

Hata hivyo, kuokoa kulikuwa nusu tu ya kazi. Mnamo Oktoba 1948 Langlois alifungua ukumbi mdogo katika barabara ya Messine, wenye viti vichache mno. Humo alionyesha filamu usiku baada ya usiku, akizipanga kwa namna iliyowashangaza watazamaji: ya Kirusi ikifuatwa na ya Kimarekani, ya zamani ikifuatwa na ya juzi. Sinema bubu alizionyesha bila muziki wowote. Filamu za Kijapani aliweza kuzionyesha bila maandishi ya tafsiri, na mtazamaji akalazimika kuisoma picha yenyewe. Kwenye viti vya mbele walikaa vijana ambao hakuna aliyewajua: François Truffaut, Jean-Luc Godard, Jacques Rivette, Éric Rohmer, Claude Chabrol. Baada ya onyesho waliendelea kubishana barabarani kuhusu mwelekezi yupi amempiku mwenzake. Hao ndio walioandika uhakiki katika jarida la Cahiers du cinéma, kisha wakashika kamera wenyewe. Kufikia 1959 na 1960, filamu za Truffaut na Godard zilikuwa zimeibadilisha sinema ya dunia. Chuo chao kilikuwa viti vile vya mbele.

Langlois aliwarudishia waliosahauliwa heshima yao pia. Mnamo 1955 aliandaa maonyesho makubwa ya miaka 60 ya sinema, na mlangoni akatundika picha kubwa ya mwigizaji wa Kimarekani Louise Brooks, ambaye watu wengi hawakumkumbuka tena. Miaka michache baadaye Brooks mwenyewe alialikwa Paris kushuhudia filamu zake zikionyeshwa upya.

Mgala muue na haki yake mpe. Lakini pia ni haki kuyataja makosa yake. Huko London, mwenzake Ernest Lindgren alishikilia kwamba nakala pekee ya filamu haipaswi kupitishwa kwenye mtambo wa kuonyeshea, kwa kuwa kila onyesho huikwaruza. Langlois alipinga msimamo huo kwa nguvu zote. Kwake yeye, filamu isiyotazamwa ilikuwa maiti. Kila mmoja wao alikuwa na sehemu ya ukweli. Tatizo la Langlois ni kwamba hakuweka orodha kamili ya kilichokuwamo ghalani. Mengi aliyahifadhi kichwani mwake. Nasi twajua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tarehe 10 Julai 1959, kanda zilizoachwa uani kwenye joto la kiangazi zilishika moto katika jengo la hifadhi jijini Paris. Miongoni mwa zilizoteketea ni nakala pekee iliyojulikana ya filamu The Honeymoon ya Erich von Stroheim. Mtoto wa Smyrna aliuona moto kwa mara ya pili.

Udhaifu huo wa usimamizi ndio uliotumiwa dhidi yake. Serikali, iliyokuwa ikigharimia sehemu kubwa ya shughuli za hifadhi, ilidai utaratibu. Tarehe 9 Februari 1968, chini ya waziri wa utamaduni André Malraux, Langlois aliondolewa na nafasi yake akapewa Pierre Barbin. Waliofanya uamuzi huo hawakutambua kwamba walikuwa wakiwagusa watu waliolelewa katika ukumbi ule. Waelekezi wa nchi mbalimbali, akiwamo Charlie Chaplin, Alfred Hitchcock na Akira Kurosawa, walituma simu za maandishi kukataza filamu zao zisionyeshwe na uongozi mpya. Tarehe 14 Februari maelfu ya watu waliandamana karibu na jumba la Chaillot, wakapambana na polisi. Truffaut na Godard walikuwa miongoni mwa waliojeruhiwa. Tarehe 22 Aprili Langlois alirejeshwa kazini. Wapo wanaoona katika maandamano hayo cheche ya kwanza ya msukosuko mkubwa wa Mei 1968 nchini Ufaransa.

Ushindi huo ulikuwa na gharama yake, kwani serikali ilipunguza msaada wake wa fedha. Langlois alilazimika kusafiri mara kwa mara hadi Montreal, Kanada, kufundisha historia ya sinema ili apate fedha za kuendeleza kazi. Hata hivyo, mnamo Juni 1972 alifungua makumbusho ya sinema katika jumba la Chaillot, akiyapanga karibu yote kwa mikono yake mwenyewe. Kufikia wakati huo hifadhi ilikadiriwa kuwa na filamu zaidi ya 60,000. Mnamo 1974 alitunukiwa Oscar ya heshima nchini Marekani. Alifariki jijini Paris tarehe 13 Januari 1977, akiwa na umri wa miaka 62, akazikwa katika makaburi ya Montparnasse. Kaburi lake limefunikwa kwa picha za filamu alizozipenda. Tangu 2005 Cinémathèque française iko katika mtaa wa Bercy, na ukumbi wake mkubwa unaitwa kwa jina lake.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, maisha haya si ya kigeni. Twafunzwa kwamba ngano haikamiliki pasi na fanani wa kuitamba na hadhira ya kuipokea. Langlois aliitambua sinema kwa jinsi iyo hiyo: mkebe uliofungwa haukuwa filamu bado. Kwa upande mwingine, tusingaliyasoma leo mashairi mengi ya Muyaka bin Haji lau Mwalimu Sikujua wa Mombasa asingaliyakusanya na kuyaandika kwa subira. Kuandika ni kwa Lindgren, kutamba ni kwa Langlois, na utamaduni wowote unahitaji yote mawili. Ila iwapo ni lazima tuchague pa kuanzia, basi maisha ya Langlois yanatuelekeza kwenye kutamba, kwani hakuna anayejitolea kukilinda kitu ambacho hajawahi kuonyeshwa na mtu anayekipenda.