Marin Mersenne: Mtawa aliyehesabu mitetemo ya uzi

Kwa zaidi ya miaka elfu moja wasomi wa Ulaya walirithishana hadithi moja. Pythagoras, yule Mgiriki wa kale, alipita karibu na karakana ya wahunzi, akasikia nyundo zikilia kwa sauti zinazopatana. Akazipima uzito, kisha akatundika uzito huohuo kwenye nyuzi. Ikasemwa kwamba uzito ukizidishwa mara mbili, sauti ya uzi hupanda oktava moja. Kitabu kilinakili kitabu, mwalimu akamfundisha mwanafunzi, na watu wakaridhika.

Hadithi hiyo si kweli, na yeyote mwenye uzi na mawe manne anaweza kuikanusha nyumbani. Ili sauti ipande oktava moja, uzito hauna budi kuwa mara nne. Mwitalia Vincenzo Galilei, mpiga luti na baba yake Galileo, alikwisha kuligundua kosa hilo katika karne ya 16. Aliyelimaliza kwa vipimo na hesabu kamili ni mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne.

Mersenne alizaliwa mwaka 1588 karibu na Oizé, magharibi mwa Ufaransa, katika familia ya watu wa kawaida. Alisoma kwa Wajesuiti huko La Flèche, na mwaka 1611 akajiunga na watawa wa shirika la Minimi, ambao hawali nyama, mayai wala maziwa. Kuanzia mwaka 1619 makao yake yalikuwa katika nyumba ya shirika hilo mjini Paris, na huko ndiko alikofanyia kazi zake kubwa.

Tatizo lililomkabili lilikuwa gumu. Uzi wa luti hutetemeka mara nyingi mno kwa sekunde, jicho haliwezi kuhesabu. Mersenne akageuza swali. Badala ya uzi mfupi, alivuta kamba na waya ndefu sana, zenye urefu wa makumi ya futi. Waya wa namna hiyo hauimbi. Huenda na kurudi polepole, na mtu anaweza kuuhesabu huku pendulamu ikimpimia sekunde. Kisha akaufupisha. Urefu ukikatwa nusu, mitetemo inakuwa maradufu. Hivyo, hatua kwa hatua, alishuka kutoka kwenye waya unaoonekana lakini hausikiki hadi kwenye uzi unaosikika lakini mitetemo yake haihesabiki. Kwa mara ya kwanza sauti ya muziki ikapewa idadi yake ya mitetemo.

Mwaka 1636 alianza kuchapisha kanuni hizo katika kitabu chake kikubwa, Harmonie universelle. Uzi mfupi hutetemeka upesi kuliko mrefu. Mkazo ukiwa mara nne, mitetemo huwa mara mbili. Na kati ya nyuzi mbili zenye urefu na mkazo sawa, ule ulio mzito mara nne hutetemeka nusu ya mwenzake. Fundi wa gitaa au gambusi huyafanya haya kila siku kwa vidole, pengine bila kuyaandika.

Ndani ya kanuni hizo mlikuwa na kitu kingine ambacho kilingoja watu wa baadaye: kasi ya wimbi lenyewe. Katika mtetemo mmoja, wimbi husafiri hadi mwisho wa uzi na kurudi. Kwa hiyo zidisha urefu wa uzi kwa mbili, kisha kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Uzi wa gitaa wenye sentimita 65 unaotetemeka mara 110 kwa sekunde hubeba wimbi la mita 143 kwa sekunde, mwendo ambao gari la kawaida haliufikii. Nadharia yenyewe ilitolewa na Mwingereza Brook Taylor mwaka 1713, na Mfaransa d'Alembert akaandika mlinganyo wa wimbi mwaka 1747.

Mersenne alikosea pia. Alipopima kasi ya sauti hewani kwa mwako na mlio wa bunduki, alipata karibu mita 448 kwa sekunde. Kwa mwangwi, karibu 319. Jibu sahihi ni kama 340. Alisikia vilevile kwamba uzi mmoja hutoa sauti kadhaa ndogo juu ya ile kuu, akahangaika nazo na kuwauliza marafiki, akiwamo Descartes, asipate maelezo ya kumtosheleza.

Kuuliza ndiyo ilikuwa desturi yake. Wakati ambapo hapakuwa na majarida ya sayansi, chumba chake kilikuwa kama posta ya wanasayansi wa Ulaya. Galileo alipokwisha kuhukumiwa na Kanisa mwaka 1633, padri huyu alitoa kazi yake kuhusu mekanika kwa Kifaransa mwaka uliofuata.

Alifariki Paris tarehe 1 Septemba 1648, kwa jipu la kifuani. Aliagiza mwili wake upasuliwe ili waganga wajue kilichomuua. Chumbani mwake zilikutwa barua za watu 78. Uchapishaji wa barua zake ulianza mwaka 1932, na juzuu zikafika 17.