Duke Slater, Mfungua Njia

Asubuhi, katika milima ya Masisi, watoto huenda shuleni kwa njia nyembamba katikati ya majani marefu. Mtoto anayetangulia hulowa umande mpaka magotini. Wanaomfuata hufika na nguo kavu. Katika msitu wa Walikale ni vile vile. Mwenye panga hutangulia akikata miiba, na wenye mizigo hupita nyuma yake. Wakifika sokoni, watu huitazama mizigo. Mwenye panga hasifiwi na mtu. Habari hii ni ya mtu aliyefanya kazi ya namna hiyo maisha yake yote, mbali sana na Kongo.

Mtu huyo alizaliwa Marekani, katika mji wa Normal, jimbo la Illinois, tarehe 9 Desemba 1898. Jina lake lilikuwa Frederick Slater, lakini watu walimwita Duke, na hilo lilikuwa jina la mbwa wa nyumbani kwao. Wazazi wake walikuwa watu weusi. Utumwa ulikuwa umekwisha Marekani tangu mwaka 1865, lakini watu weusi walikuwa bado wanadharauliwa na kufungiwa milango mingi. Baba yake, George Slater, alikuwa mchungaji wa Kimetodisti. Hakuwa na mali.

Duke alipenda mpira wa Kimarekani. Mchezo huo si kama mpira wa miguu unaochezwa Masisi na Walikale. Mpira wenyewe una ncha mbili, mfano wa yai refu. Kila upande una watu 11. Mchezaji huushika mpira mikononi na kukimbia nao mpaka mwisho wa uwanja, na wapinzani hujaribu kumkamata na kumwangusha. Kwa hiyo mbele yake husimama watu wakubwa wenye nguvu. Kazi yao ni kuwasukuma wapinzani ili mwenzao apate njia. Mpira hawaushiki ila mara chache sana, na sifa za ushindi huenda kwa mwingine. Kazi ya Duke ilikuwa hiyo.

Baba yake aliogopa mtoto asije akavunjika, akamkataza. Duke akacheza kwa siri. Kumficha mzazi si jambo jema, na siri yenyewe haikudumu, maana baba aliona mama akishona nguo za mchezo zilizoraruka. Akamkataza tena. Kijana akahuzunika hata akakataa chakula siku kadhaa. Mwishoni baba alikubali, kwa sharti kwamba ajihadhari asiumie.

Familia yake ilihamia mji wa Clinton, katika jimbo la Iowa. Shuleni kila mchezaji alitakiwa kujinunulia viatu na kofia ya ngozi ya kukinga kichwa. Fedha za baba zilitosha kitu kimoja tu. Duke alichagua viatu, akacheza kichwa wazi. Miguu yake ilikuwa mikubwa sana, hata viatu vikaagizwa toka Chicago.

Mwaka 1918 aliingia Chuo Kikuu cha Iowa. Tarehe 8 Oktoba 1921 Iowa ilicheza na Notre Dame, chuo kikuu cha Wakatoliki chenye jina la Mama Bikira Maria. Notre Dame ilikuwa imeshinda mara 20 mfululizo. Siku hiyo ilishindwa, 10 kwa 7. Picha ya mchezo ule ipo hata leo. Duke, bila kofia, amewazuia wachezaji kadhaa peke yake, na mwenzake Gordon Locke anapita na mpira.

Mwaka 1922 Duke alianza kucheza kwa mshahara katika timu ya Rock Island. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika safu ya mbele kwenye ligi kubwa ya Marekani. Mwaka 1926 alihamia Cardinals ya Chicago, akacheza huko mpaka 1931. Katika miaka yote hiyo 10 hakukosa mchezo hata mmoja kwa sababu ya kuumia.

Mchezo mmoja alikosa, lakini kwa sababu nyingine. Mwaka 1924 Rock Island ilikwenda kucheza Kansas City, katika jimbo la Missouri. Huko mtu mweusi hakuruhusiwa kucheza pamoja na weupe. Duke aliachwa nyuma, mzima na mwenye nguvu, na timu yake ikashindwa.

Tarehe 28 Novemba 1929 Cardinals walicheza na Bears. Ernie Nevers alipata pointi 40 peke yake, na jina lake likaenea nchi nzima. Duke alikuwa uwanjani toka mwanzo hata mwisho, akimfungulia njia. Mwaka ule katika ligi yote hakuna mtu mweusi mwingine aliyecheza.

Duke alijua kwamba nguvu za mwili hupungua. Kila msimu wa mchezo ulipokwisha, alirudi kwenye vitabu vyake vya sheria. Mwaka 1928 alipata shahada, akawa wakili.

Baada ya yeye kuacha mchezo, njia ilizibwa. Tangu 1934 mpaka 1945 hakuna mtu mweusi hata mmoja aliyepewa nafasi katika ligi ile. Duke hakukata tamaa. Alifundisha timu za vijana weusi huko Chicago, wasiusahau mchezo. Mwaka 1946 wachezaji weusi waliingia tena.

Mwaka 1948 watu wa Chicago walimchagua kuwa hakimu. Mwaka 1960 alipandishwa kwenye Mahakama Kuu ya mji ule, mtu mweusi wa kwanza kuketi humo. Yule aliyekatazwa kuingia uwanjani Kansas City sasa aliwaamua watu weupe na weusi kwa sheria moja.

Alifariki tarehe 14 Agosti 1966. Mwaka 2020 jina lake liliingizwa katika nyumba ya heshima ya wachezaji wa ligi ile, miaka 54 baada ya kifo chake. Mwaka 2021 uwanja wa Chuo Kikuu cha Iowa ulipewa jina lake. Leo vijana weusi wengi sana wanacheza katika ligi ile, na wengi wao hawajui ni nani aliyelowa umande mbele yao.

Maswali

1. Kwa nini Duke alicheza bila kofia?
2. Kazi yake uwanjani ilikuwa nini?
3. Kwa nini hakucheza Kansas City mwaka 1924?
4. Alifanya nini kila msimu wa mchezo ulipokwisha?
5. Nyumbani kwenu ni nani anayewatangulia wengine katika kazi bila kusifiwa? Eleza kazi yake.