CARL AKELEY: ALIPANDA MLIMA NA BUNDUKI, AKASHUKA NA FILAMU YA GORILA

Wadau, ukitaka leo kuwaona gorila wa milimani kule Rwanda au Uganda, masharti si mchezo. Mnapanda kikundi cha watu wasiozidi wanane, mnakaa nao saa moja tu, hamuwasogelei, na ole wako kamera yako iwake flashi. Kitu pekee mgeni anachoruhusiwa kuwaelekezea ni kamera.

Sasa sikilizeni kisa hiki. Mtu wa kwanza kuwapiga filamu gorila hawa wakiwa hai msituni alikuwa Mmarekani Carl Akeley, mwaka 1921. Na huyo jamaa alipanda mlima ule kwenda kuwaua. (Nazungumzia gorila, lile jitu jeusi la milimani, msichanganye na sokwe wetu wa Gombe.)

MTOTO WA MKULIMA

Akeley alizaliwa 1864 Clarendon, jimbo la New York, katika familia ya wakulima. Shule hakusoma sana. Alipokuwa kijana akaingia karakana moja mjini Rochester iliyokuwa ikitengeneza wanyama waliokufa ili wawekwe kwenye makumbusho. Enzi hizo kazi yenyewe ilikuwa ya ovyo: ngozi inajazwa majani makavu, inashonwa, basi, kama mtu anajaza godoro. Hapo ndipo aliposhiriki kumtengeneza Jumbo, yule tembo maarufu wa sarakasi aliyegongwa na treni Kanada mwaka 1885.

Akeley hakuridhika. Alipohamia makumbusho ya Milwaukee na baadaye Chicago, akaanza kuchonga umbo la mnyama kwa udongo kwanza, msuli kwa msuli, halafu ndiyo anavisha ngozi. Mnyama akawa anaonekana kama anataka kutembea. Lakini huwezi kuchonga vizuri mnyama ambaye hujamwona akiishi. Ndiyo safari za Afrika zikaanza.

CHUI NA TEMBO

Safari ya kwanza ilikuwa 1896, nchi ya Wasomali. Jioni moja alifyatua risasi kichakani bila kuona vizuri anachopiga. Kumbe chui! Mnyama akamrukia, akamng'ata mkono wa kulia. Akeley akamkaba koo kwa mkono mmoja, ule ulioumwa akauzamisha ndani ya kinywa cha chui, akamlalia kifuani kwa magoti mpaka mbavu zikavunjika. Ipo picha yake na mzoga wa chui yule, mkono ukiwa umefungwa bandeji.

Mwaka 1910, Mlima Kenya, tembo alimtokea ghafla. Akeley akashika pembe zote mbili, akaangushwa katikati yake na kukandamizwa chini. Uso ulipasuka, mbavu zikavunjika. Wapagazi walidhani amekufa. Habari zilipomfikia mkewe, Delia, mama huyo alipanda msituni na watu wake hadi akamfikia, akamkuta bado anapumua.

Katika safari za Kenya alikuwa naye kijana wa Kikuyu aliyembebea bunduki, ambaye vitabu vilimwita Bill tu. Jina lake ni Wimbia Gikungu. Nalitaja kwa makusudi, maana historia hizi huandikwa kama vile mzungu alitembea msituni peke yake. Mizigo, njia na kusoma nyayo za wanyama vilikuwa kazi ya watu wa huku.

Alipokuwa akiugulia majeraha yale, Akeley akaota ndoto kubwa: ukumbi mzima wa wanyama wa Afrika katika makumbusho ya New York, maana aliona hawatadumu porini muda mrefu. Dawa yake ikawa ipi? Kuwaua wachache ili dunia iwakumbuke. Mnaona mtego ulipo?

KAMERA YA CHAPATI

Jamaa alikuwa fundi hasa. Alibuni mashine ya kupuliza saruji ukutani kwa hewa, teknolojia ambayo mafundi ujenzi wanaitumia mpaka leo. Kamera za sinema za wakati wake nazo zilimkera. Zilikuwa nzito na hazigeuki haraka. Mnyama akikimbia, umemkosa. Akatengeneza ya kwake, ya mviringo kama chapati, inayogeuka juu, chini na pembeni kwa ulaini. Hataza aliipata 1915. Jeshi la Marekani liliitumia katika Vita ya Kwanza ya Dunia.

Kamera hiyo ndiyo iliyopandishwa Mlima Mikeno mwaka 1921, ndani ya Kongo ya Wabelgiji, kupitia mianzi, tope na viwavi vinavyowasha.

SIKU ZILE ZA MIKENO

Tangu karne ya 19 wazungu walikuwa wamejazwa hadithi kuwa gorila ni jini la msituni, linaua ovyo. Akeley akakuta kitu kingine. Gorila walikuwa familia, wanakula majani, wakiona watu wanaondoka zao.

Lakini aliwaua. Kikosi chake kilichukua watano kwa ajili ya ule ukumbi. Mmoja alikuwa mtoto, alichomwa mkuki. Baadaye Akeley aliandika jinsi uso wa mtoto yule ulivyomuumiza. Na mbele ya dume mkubwa aliyelala chini, alikiri kwamba alilazimika kujikumbusha sayansi ili asijione muuaji.

Siku zilezile, kwenye mteremko uleule, alifunga kamera yake mbele ya kundi lenye majike na watoto, akazungusha mpini. Filamu ya dakika chache tu. Lakini ilitosha kuonyesha kwamba unaweza kurudi nyumbani na gorila bila kumwaga damu.

Wengine wangeishia kujisifu. Yeye alirudi Marekani akaanza kupiga kelele: gorila hawa ni wachache, wawindaji wakiachiwa watawamaliza, milima ile ifungwe. Ujumbe ukafika kwa Mfalme Albert wa Ubelgiji. Mwezi Aprili 1925 ikatangazwa Hifadhi ya Albert, inayohesabiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika. Leo upande wa Kongo unaitwa Virunga na upande wa Rwanda ni Volcanoes. Tuseme ukweli pia: wenyeji waliokuwa wakitegemea msitu ule hawakuulizwa na mtu. Ulikuwa utawala wa kikoloni.

KABURI LA KABARA

Mwaka 1926 alirudi, safari hii na mke wake wa pili, Mary Jobe. Afya ilikuwa imeshakwisha. Alipandishwa mlimani akiwa mgonjwa, na tarehe 17 Novemba 1926 akafariki mahali paitwapo Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi. Alizikwa hapohapo, karibu na gorila aliokuja kuwatafuta. Mary alibaki akaikamilisha kazi. Ukumbi wa New York ulifunguliwa 1936 kwa jina lake, na wale gorila watano wapo mpaka leo nyuma ya kioo, mlima wao ukiwa umechorwa nyuma yao.

Kabara hiyohiyo ndiko Dian Fossey alikoanzia kazi yake mwaka 1967, kabla vita haijamfukuza kwenda Rwanda.

Na kamera iliendelea na kazi. Julai 2007, Virunga, gorila waliuawa kwa risasi. Picha ya Brent Stirton ya dume Senkwekwe, maiti yake imefungwa kwenye miti na kubebwa na wanakijiji, iliitikisa dunia. Lakini picha peke yake haizuii risasi. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wamekufa wakiwa kazini, wengi wao vijana wa Kikongo ambao hakuna ukumbi uliopewa majina yao.

Matokeo? Mwaka 1981 gorila wa safu ya Virunga walihesabiwa 254. Sensa zilizotangazwa 2018 na 2019, ukijumlisha na Bwindi, zilifika 1,063. Wameongezeka, jambo ambalo ndugu zao wengi porini hawajalipata.

Sasa wadau, mimi naona hivi: Akeley hastahili kufanywa malaika, maana wale watano hawakumkosea kitu. Ila wako wengi walioua wakaendelea kuua, na yeye alipouona uso wa aliyemuua, aligeuka, akatumia jina lake kuwafungia njia wawindaji wengine kama yeye. Deni lake alilipa kiasi gani, hilo nawaachia nyinyi.

Haya, uwanja ni wenu. Wale watano wa New York wabaki kwenye kioo, au warudishwe wakazikwe Mikeno? Toeni maoni, ila matusi hapana.