Mfalme Mwenye Kigugumizi na Kocha Wake

Siku hizi nashinda kwenye maabara ya uhandisi, na wakati mwingine ndiko ninakolala.

Mwaka jana nilisimama mbele ya watu kama arobaini kueleza utafiti wangu. Kufika picha ya pili tu, sauti ikakata. Jasho likanitoka, ukumbi kimya, mpaka msimamizi wangu akamalizia kwa niaba yangu. Mwezi ujao natetea tasnifu. Jamaa mmoja akanishauri nitafute kocha. Si wa mpira, la. Ni hawa makocha wa maisha na kazi, wanaokaa na mtu saa moja kwa wiki wakimsaidia afikie lengo lake. Niliyempata alitaka pauni 450 kwa vikao sita. Jamani, hiyo kwangu ni karo ya mdogo wangu!

Kabla sijamjibu nikamkumbuka mtu ambaye sura yake niliichezea utotoni bila kujua ni nani. Babu alikuwa na shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, upande mmoja simba, upande wa pili kichwa cha Mfalme George wa Sita.

Huyu bwana alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895 huko Sandringham, akaitwa Albert. Hakuna aliyemtegemea kuwa mfalme, kwa sababu kaka yake Edward ndiye aliyekuwa mrithi. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, wakamlazimisha kuandika kwa wa kulia. Miguu yake nayo ilifungwa vifaa ili inyooke. Alipofika miaka minane hivi, kigugumizi kilikuwa kimeshamkaa.

Msidhani alikuwa mwoga. Mwaka 1916 alikuwa ndani ya manowari katika vita vya Jutland. Mwishoni mwa 1924 alikuja hata kwetu na mkewe Elizabeth, wakazunguka Kenya na Uganda. Kilichomtisha ni kipaza sauti. Tarehe 31 Oktoba 1925 alifunga maonyesho makubwa ya dola pale Wembley, London, na hotuba ile ikawa mateso kwake na kwa waliomsikiliza.

Alikwisha kujaribu mabingwa kadhaa, akakata tamaa. Mkewe akamsihi ajaribu mara moja tu zaidi, na tarehe 19 Oktoba 1926 akaenda mtaa wa Harley kumwona Lionel Logue, Mwaustralia. Logue hakuwa daktari, wala hakuwa na shahada ya udaktari ukutani. Alikuwa mwalimu wa kusema ambaye kule Australia aliwasaidia askari waliorudi kutoka Vita ya Kwanza wakiwa wameharibikiwa sauti. Cheti chake kilikuwa watu aliowasaidia.

Logue hakumwahidi miujiza. Alimweleza wazi kwamba anaweza kupona, lakini kazi kubwa ataifanya yeye mwenyewe. Basi ikaanza: mazoezi ya kupumua kila siku, kusukutua koo, kusimama dirishani na kuvuta irabu moja moja kwa sauti. Katika mwaka mmoja na miezi michache alikwenda kwake mara 80 hivi. Tarehe 9 Mei 1927 alihutubia wakati wa kufungua jengo la Bunge kule Canberra, na safari hii maneno yalitoka.

Desemba 1936 kaka yake akaacha kiti ili amwoe mwanamke aliyempenda, na mzigo wote ukamwangukia mdogo mtu. Logue akaitwa tena kwa ajili ya kutawazwa, Mei 1937. Tarehe 3 Septemba 1939 Uingereza ilipoingia vitani, mfalme alizungumza redioni na Logue akiwa chumba hichohicho. Hotuba walizipitia pamoja, wakiweka alama za kupumzika na kubadilisha maneno yanayokwama. Kigugumizi hakikwisha kabisa. Alijifunza kukipitia tu, kama dereva anayejua mashimo ya barabara yake.

Jambo lililonigusa zaidi ni la Krismasi ya 1944. Kwa mara ya kwanza mfalme alitoa hotuba ya sikukuu bila Logue kuwa pembeni yake. Logue alikuwa nyumbani, akimsikiliza redioni kama watu wengine. Mimi kwangu hicho ndicho kipimo cha kocha: je, anakuandaa kwa siku ambayo hutamhitaji?

Mfalme aliondolewa pafu moja Septemba 1951, akafariki tarehe 6 Februari 1952 akiwa na miaka 56. Binti yake Elizabeth alipata habari akiwa Kenya, karibu na Nyeri. Logue alimfuata mwaka uliofuata.

Sasa turudi kwenye pauni zangu 450. Hapa Uingereza hakuna sheria inayomzuia mtu kujiita kocha. Leo unalala ukiwa muuza bima, kesho unaamka kocha. Kwa hiyo nilikwenda na maswali matatu. Umemsaidia nani mwenye shida kama yangu, na ninaweza kuzungumza naye? Nikiwa nyumbani nitafanya nini kila siku? Nitajuaje kwamba nimemaliza? La kwanza alilikwepa. La pili alisema nisijali, nije tu kwenye vikao. La tatu alicheka.

Nikamshukuru, nikaondoka. Sisemi makocha wote ni hivyo. Mwenye kujibu maswali hayo vizuri, na wewe fedha unayo, mlipe, maana hata mfalme alilipa. Na kama tatizo lako ni ugonjwa au huzuni isiyokwisha, nenda kwa daktari, si kwa kocha.

Mimi fedha nimeituma nyumbani. Kila asubuhi nasoma ukurasa mmoja kwa sauti, dirisha wazi, jirani yangu sijui ananionaje. Lakini dirisha haliulizi maswali, na watahini watauliza. Kwa hiyo Jumamosi hii saa kumi jioni, kwenye chumba chetu cha mikutano, nitaieleza tasnifu yangu mwanzo hadi mwisho. Njooni mnisikilize, mniulize bila huruma. Chai nitapika. Nikikwama, tafadhali msinimalizie sentensi.