Barack Obama Mzee: Mwanafunzi wa Kogelo aliyesoma akiwa mbali na wote

Jina la Obama lilipoanza kutajwa katika kila pembe ya dunia mwaka wa 2008, wengi walilifahamu kama jina la seneta chipukizi kutoka Chicago. Hata hivyo, miaka 49 kabla ya hapo jina hilohilo lilikuwa limekwisha kuandikwa katika daftari la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Lilikuwa la kijana Mkenya aliyeacha nyumbani mke mja mzito na mtoto mdogo, akaenda kutafuta shahada katika kisiwa kilicho katikati ya bahari ya Pasifiki.

Barack Hussein Obama, mzazi wa Rais wa 44 wa Marekani, alizaliwa karibu na Kendu Bay katika miaka ya 1930 na kukulia Nyang'oma Kogelo, eneo la Alego. Babaye, Hussein Onyango, alikuwa amewahi kuwa mpishi wa Wazungu, naye alikuwa mtu wa nidhamu kali aliyethamini elimu na usafi kuliko maneno matamu. Kijana alionekana mapema kuwa na kipaji. Alijiunga na Shule ya Maseno, mojawapo ya shule zilizoheshimiwa mno enzi za ukoloni, lakini akaondoka mwaka wa 1953 kabla ya kufanya mtihani wa mwisho.

Kwa Mwafrika wa wakati huo, kukosa cheti kulikuwa sawa na kufungiwa mlango. Nafasi za masomo ya juu katika Afrika Mashariki zilikuwa haba, na Makerere haikumpokea mtu asiyekuwa na vyeti. Obama akawa karani, kwanza Mombasa kisha Nairobi. Huenda angebaki huko maisha yake yote lau hangekutana na Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuja Kenya kuendeleza elimu ya watu wazima. Alimwajiri Obama katika ofisi yake, na kijana huyo akaandika kwa Kidholuo vitabu vya kuwafunza watu wazima kusoma, vilivyochapishwa mwaka wa 1959 kwa jina la Otieno Jarieko. Usiku alisoma kwa njia ya posta, na mchana akaandikia vyuo vingi vya Marekani barua za kuomba nafasi.

Hawaii ilimkubali. Ni vyema kusahihisha dhana moja iliyoenea: Obama hakusafiri katika ndege ile maarufu ya Septemba 1959 iliyowabeba wanafunzi 81 kwa juhudi za Tom Mboya na wafadhili wake wa Marekani. Alisafiri kivyake kabla ya wenzake kuondoka, gharama zake zikisaidiwa na Mooney na mwenzake Helen Roberts. Alipowasili Honolulu, Hawaii ilikuwa ndiyo kwanza imekuwa jimbo la 50 la Marekani mnamo Agosti 21, 1959.

Alikuwa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika katika chuo hicho. Mwanzoni alipanga chumba katika hosteli ya YMCA iliyokuwa ng'ambo ya barabara tu kutoka lango la chuo. Kwa hivyo maisha yake ya awali yalizunguka katika eneo dogo: chumba, darasa, maktaba na mkahawa wa wanafunzi. Chuo chenyewe kimejengwa katika bonde la Manoa, ambako manyunyu ya mvua hayakauki milimani. Wengi wa wanafunzi walikuwa wana wa visiwa hivyo, wajukuu wa Wajapani, Wachina na Wafilipino walioletwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Mwanamume mweusi alikuwa kioja kuliko kuwa adui, na magazeti ya Honolulu hayakukawia kumtafuta kwa mahojiano.

Maisha hayakuwa rahisi. Pesa ndizo zilizomsumbua zaidi, kwa kuwa bidhaa karibu zote huletwa visiwani kwa meli na bei zake hupanda. Viza ya mwanafunzi nayo ilihitaji kufanywa upya kila mwaka, na maafisa wa uhamiaji walifungua faili iliyofuatilia masomo yake, kazi zake na hata mambo yake ya nyumbani.

Barua ndizo zilizomuunganisha na waliomsaidia. Takriban 20 kati ya zile alizoandika tangu 1958 hadi 1964 zilipatikana mwaka wa 2013 katika kituo cha Schomburg mtaani Harlem, New York, pamoja na hati za matokeo yake ya mitihani. Zinamwonyesha mwanafunzi mwenye mwandiko nadhifu na lugha ya adabu, anayeeleza alama zake, anayehesabu karo na kuomba kusaidiwa muhula unaofuata. Mwanafunzi yeyote wa Kenya aliyepata kusoma ng'ambo kwa pesa za wahisani atazitambua barua za aina hiyo mara moja.

Darasani hakuwa na mpinzani wa mzaha. Alichagua uchumi, akivutiwa hasa na upande wake wa hesabu. Baada ya masomo, wanafunzi wenzake walikusanyika kunywa bia na kula piza, na mijadala ikaendelea hadi usiku wa manane. Miongoni mwao alikuwa Neil Abercrombie, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Hawaii kuanzia 2010 hadi 2014. Wote walimkumbuka kwa mambo matatu: sauti nzito iliyojaza chumba, kiko mkononi, na imani isiyotetereka kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Alizungumza kuhusu ukoloni na Afrika huru iliyokuwa ikija, akiwa na yakini kwamba angekuwa mmoja wa wajenzi wake.

Yakini hiyo ilikuwa na msingi. Mnamo Januari 1960, hali ya hatari iliondolewa nchini Kenya na mkutano wa kwanza wa Lancaster House ukaanza jijini London. Ilikuwa wazi kwamba nchi ingehitaji wachumi Waafrika upesi kuliko vyuo vilivyoweza kuwatoa. Kila mtihani alioufanya Manoa ulikuwa, machoni pake, hatua kuelekea kiti cha serikali mpya.

Katika muhula wa mwisho wa 1960 alijiandikisha katika darasa la Kirusi, akakutana na Stanley Ann Dunham, msichana Mzungu aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia chuoni akiwa na umri wa miaka 17. Walifunga ndoa Februari 2, 1961 mjini Wailuku, katika kisiwa cha Maui, wakati ambapo majimbo mengi ya Marekani yalikuwa bado yanaharamisha ndoa ya mweusi na Mzungu. Mwana wao, aliyepewa jina la babaye, alizaliwa Honolulu Agosti 4 mwaka huohuo.

Hapo ndipo maisha ya mwanafunzi huyu yalipogawanyika. Kule Kogelo, Kezia aliyemwoa kwa desturi za Kiluo alikuwa akilea watoto wawili, Roy na Auma, huyu wa pili akiwa amezaliwa babaye akiwa Honolulu. Jua lilipochwea Alego, Honolulu kulikuwa bado kunapambazuka. Obama aliwaeleza wakuu wa chuo na Ann kwamba ndoa ya Kenya ilikuwa imekwisha. Faili ya uhamiaji inaonyesha kwamba maafisa walikuwa na shaka. Katika barua alizowaandikia wafadhili, hakumtaja kamwe mkewe wa Hawaii wala mtoto wao, hata katika maombi ya ufadhili wa masomo.

Kwa nini alinyamaza? Mwanafunzi aliyeishi kwa hisani ya wengine alijua kwamba kila habari ya nyumbani ilikuwa na bei yake. Msaada ulitolewa kwa kijana mwenye bidii atakayerudi kujenga nchi, wala si kwa mume wa wake wawili katika mabara mawili. Lakini kimya kile kilikuwa na gharama, na walioilipa hawakuwa wafadhili. Muda mfupi baada ya kujifungua, Ann alihamia Seattle na mwanawe, akajiandikisha katika Chuo Kikuu cha Washington. Obama alibaki Honolulu katika chumba chake, akiendelea na vitabu.

Mwaka wa 1962 alihitimu akiwa ametumia miaka mitatu badala ya minne, na akakubaliwa katika Phi Beta Kappa, jumuiya inayowaenzi wanafunzi bora wa Marekani. Juni mwaka huo aliondoka kwenda Harvard kusomea shahada ya uzamifu, peke yake. Ndoa yake na Ann ilivunjwa rasmi mwaka wa 1964.

Harvard haikumpa kile alichokifuata. Wakuu wa chuo na maafisa wa uhamiaji walishauriana kuhusu hali ya familia yake, na mwaka wa 1964 akalazimika kurejea Kenya kabla ya kuandika tasnifu yake. Kimya alichokitegemea Honolulu ndicho kilichokuja kumfungia mlango Massachusetts.

Alirejea katika nchi iliyokuwa imepata uhuru Desemba 12, 1963, akafanya kazi katika kampuni ya mafuta na baadaye serikalini. Julai 1965 alichapisha makala katika jarida la East Africa Journal akiikosoa sera ya uchumi ya serikali, Waraka Nambari 10, uliohusishwa na Mboya mwenyewe. Ujasiri uliomfanya apendwe katika mabaraza ya bia ya Honolulu haukuwa na soko katika ofisi za Nairobi. Baada ya Mboya kuuawa Julai 5, 1969, alipoteza pia rafiki aliyekuwa na uwezo wa kumkinga. Alipigwa kalamu katika shirika la ustawishaji utalii mwaka wa 1970, na pombe ikazidi kumwandama.

Alirudi Honolulu mara moja tu, mwishoni mwa 1971, akakaa na mwanawe wa miaka kumi kwa takriban mwezi mmoja. Hawakuonana tena. Novemba 24, 1982 alifariki katika ajali ya barabarani jijini Nairobi, akazikwa Nyang'oma Kogelo.

Kizazi chake kilitumwa ng'ambo kuleta elimu, na wengi waliileta. Historia huhesabu shahada walizorudi nazo. Ni nadra kuwahesabu waliobaki wakisubiri, Kogelo na Honolulu vilevile, wakilipa karo ambayo haikuandikwa katika daftari la chuo chochote.